Nani Alilipa Ada? Historia ya Fedha za Chuo Kandokando ya Ziwa

SOMO LA REDIO KWA MADARASA YA WATU WAZIMA

(Maneno haya yamepigwa chapa ili darasa ambalo halikusikia somo redioni liweze kulisoma pamoja. Mwalimu wa darasa asome polepole, na asimame mahali palipoonyeshwa.)

Nasema na ninyi wa Kamanga mliokusanyika baada ya kazi za shamba na za ziwa, na ninyi wenzao wa Sengerema, wa Mwanza mjini na wa visiwani. Kaeni vizuri, mpate kusikia. Mwenye daftari afungue ukurasa mpya, maana leo ziko tarakimu za kuandika.

Juma lililopita nilikuja Kamanga kulitazama darasa lenu. Nilipokuwa gatini nangoja kivuko kunirudisha Mwanza, mama mmoja wa darasa hilo alinifuata, akaniambia, "Mwalimu, shikamoo yangu utaipokea siku nyingine, leo nina haraka." Tukacheka, kwa kuwa mimi ndiye niliyepaswa kumwamkia yeye. Kisha akasema, "Binti yangu amepata nafasi ya chuo. Mimi nina shamba la ekari mbili, ndilo ninalolimia mihogo na mahindi. Yuko mtu anataka kulinunua. Niuze?"

Kivuko kilikuwa kimekwisha kupiga honi, nami sikuwa na jibu la kusema nikitembea. Nilimwambia, "Mama, usiuze kabla hujasikia somo la juma lijalo." Basi somo lenyewe ndilo hili.

Ninyi mtasema, jambo la ada ni la leo, historia inaingia wapi? Inaingia hapa. Watu wengi wa siku hizi hudhani kwamba zamani chuo kilikuwa bure, na kwamba sasa ndipo watu wameanza kulipa. Sivyo. Chuo hakijapata kuwa bure hata siku moja. Mwalimu wa chuo hula, taa huwaka, vitabu hununuliwa. Daima yuko aliyelipa. Ila mlipaji amebadilika mara nyingi, na mara nyingine alilipa pasipo kujua kwamba analipa. Leo tutamtafuta mlipaji huyo, kizazi kwa kizazi.

Tuanze na wakati wa Waingereza. Katika Afrika Mashariki yote kilikuwako chuo kimoja kikubwa, nacho ni Makerere, Uganda, kilichoanzishwa mwaka 1922 kama shule ya ufundi. Kijana wa Tanganyika aliyetaka elimu ya juu alikwenda huko, naye alikwenda kwa fedha za Serikali. Mtu wa ziwa letu mmoja mnamjua nyote. Julius Nyerere wa Butiama alianza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akaenda Tabora mwaka 1937, na Makerere mwaka 1943. Mwaka 1949 alivuka bahari kwenda Edinburgh, katika nchi ya Scotland, akarudi mwaka 1952 na shahada yake. Jamaa yake, ya Mtemi Nyerere Burito, haikuuza ng'ombe kulipa ada ya Edinburgh. Serikali ililipa.

Lakini Serikali ilipata wapi fedha? Ilipata katika kodi ya kichwa, na katika ushuru wa mazao. Maana yake, bwana aliyelima pamba Usukuma, ambaye hakujua hata Makerere iko upande gani wa ziwa, alikuwa ameweka senti zake katika masomo ya mtu asiyemjua. Na waliofaidika walikuwa wachache mno. Mwalimu Nyerere mwenyewe alipenda kuwakumbusha watu kwamba tulipopata uhuru mwaka 1961, nchi nzima ilikuwa na mainjinia 2 na madaktari 12 waliokuwa wenyeji. Andikeni tarakimu hizo. Nchi nzima, injinia wawili.

Sasa nataka tukae kidogo katika habari ya pamba, kwa sababu pamba ndiyo iliyowafundisha watu wa ziwa hili namna ya kukusanya fedha.

Baada ya vita kuu ya pili, mkulima alibeba pamba yake kichwani au kwa mkokoteni hata kwa mnunuzi. Mnunuzi ndiye mwenye mizani, ndiye anayeisoma, ndiye anayeandika karatasi. Mkulima asiyejua kusoma alisimama tu anatazama mshale wa mizani ukicheza, akapokea alichopewa. Kelele zilikuwa nyingi, na hazikuwa kelele za bure. Mwishowe wakulima wakafanya jambo la akili: wakaweka watu wao wenyewe, wanaojua kusoma tarakimu, wasimame penye mizani na kutazama. Jambo dogo kama hilo ndilo lililozaa ushirika. Kijana mmoja aliyezaliwa upande wa Musoma mwaka 1925, jina lake Paul Bomani, ambaye alikuwa katibu wa chama cha wafanya biashara Waafrika wa Mwanza, aliwaunganisha wakulima. Mwaka 1955 vyama vyao vikaungana kuwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, ambalo wazee wengi walilijua kwa herufi zake za Kiingereza, VFCU. Baada ya miaka michache shirikisho hilo lilikuwa likinunua pamba yote ya Usukuma na kumiliki vinu vya kuchambulia, likahesabiwa kuwa kubwa kuliko vyama vyote vya ushirika vya Waafrika katika bara hili.

Nyakati zile, pamba ilipopimwa, sehemu ndogo ya bei ilikatwa ikaingia katika hazina ya wenyeji, na humo zikatoka fedha za shule na zahanati. Mkulima mmoja mmoja hakuisikia sana senti iliyokatwa. Lakini senti za watu maelfu zikawa madarasa. Wenzetu wa kahawa walifanya zaidi: chama cha Wachaga cha Kilimanjaro, kilichoanza mwaka 1933, na chama cha Bukoba, vilitoa fedha za kahawa kusomesha vijana, wengine hata ng'ambo. Mtoto wa mjane aliweza kwenda kwa fedha za mibuni ya jirani.

(Mwalimu asimame hapa. Darasa lijibu: kati ya mzee mmoja anayeuza ng'ombe kumi kumlipia mwanawe, na watu elfu wanaotoa senti kumi kumi, ni nani atakayekuwa na njaa mwaka ujao?)

Tuendelee. Tuvuke maji, twende upande wa Kenya. Humo ziwani kuna kisiwa kinachoitwa Rusinga, ndiko kwao Tom Mboya, aliyekuwa kiongozi wa wafanya kazi. Mwaka 1959 Mboya alikwenda Marekani, akakuta vyuo vingi viko tayari kuwapa vijana wa Afrika nafasi na kuwasamehe ada. Mngedhani shida imekwisha. Haikuisha. Kijana aliyesamehewa ada bado yuko Nairobi, na chuo kiko New York au Chicago. Nauli ya ndege ilikuwa kubwa kuliko fedha ambazo jamaa nyingi zilipata kuziona pamoja.

Wakafanyaje? Huko Marekani, Mboya na rafiki zake waliwaomba watu wachange. Walioweka sahihi katika barua ya kuomba fedha walikuwa Wamarekani weusi mashuhuri: Jackie Robinson mchezaji mpira, Harry Belafonte mwimbaji, na Sidney Poitier mcheza sinema. Kenya nako watu wakafanya karamu za chai na ngoma, kila anayeingia anatoa chake; wengine wakauza ng'ombe. Septemba mwaka 1959 ndege moja ikaondoka Nairobi na wanafunzi 81. Mwaka uliofuata jamaa ya Kennedy, ambaye punde akawa Rais, wakatoa dola 100,000 kwa ajili ya ndege nyingine. Hata ilipofika mwaka 1963 walikuwa wamekwenda karibu wanafunzi 800, na miongoni mwao walikuwamo wa Tanganyika na wa nchi nyingine jirani. Msichana mmoja aliyekwenda mwaka 1960 aliitwa Wangari. Dunia ikaja kumjua kama Profesa Wangari Maathai, aliyepewa tuzo ya amani ya Nobel mwaka 2004.

Nimeeleza habari hiyo kwa sababu ina fundisho ambalo wazazi wengi hulipata wakiwa wamechelewa. Ada ni sehemu moja tu ya gharama. Iko nauli, iko kodi ya chumba, iko chakula, liko godoro. Nimewaona vijana waliolipiwa ada yote wakarudi nyumbani mwezi wa tatu kwa kukosa chakula. Mtu anayepiga hesabu ya ada peke yake ni kama mvuvi aliyenunua nyavu akasahau mtumbwi.

Haya, turudi kwetu. Mwaka 1961, majuma machache kabla ya uhuru, kilifunguliwa chuo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika nyumba ya TANU, mtaa wa Lumumba. Wanafunzi hawakufika hata 20, wote wa sheria. Mwaka 1964 kikahamia Mlimani. Mwaka ule ule wa 1961 kilifunguliwa pia chuo cha watu wazima Kivukoni, ng'ambo ya bandari ya Dar es Salaam, nacho kilisaidiwa sana na michango ya watu. Ninyi watu wa kivuko mtalipenda jina hilo.

Serikali ya uhuru ikasema, mwanafunzi wa chuo asilipe kitu. Ikamlipia ada, chakula, malazi, na fedha kidogo ya mfukoni. Nchi ilihitaji madaktari na mainjinia upesi, na kama ingengoja wazazi wenye uwezo, wangesoma watoto wa matajiri peke yao. Mimi naona uamuzi ule ulikuwa mzuri. Watoto wengi wa wakulima wa kanda hii wasingesoma kamwe bila huo.

Lakini mlipaji alikuwa nani? Alikuwa yule yule mwenye pamba. Na jambo hilo likaleta ugomvi mkubwa mwaka 1966.

Serikali ilitaka kila anayemaliza elimu ya juu aingie Jeshi la Kujenga Taifa, akae kambini kwa miezi kadhaa, na kisha afanye kazi kwa muda huku akipokea sehemu tu ya mshahara wake. Wanafunzi wakakataa. Tarehe 22 Oktoba 1966 waliandamana hata Ikulu wakiwa wamevaa majoho. Wakasoma maneno makali mbele ya Rais, kwamba mishahara ya wakubwa nayo ni mikubwa mno. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza. Kisha akakasirika. Akasema, kama mishahara ni mikubwa, yeye ataanza na wake. Akaukata kwa asilimia 20 siku ile ile. Na wanafunzi karibu 400 akawafukuza, warudi makwao. Wengi wao walirudishwa chuoni mwaka uliofuata.

Wazee wangu, hukumu ya jambo lile mtaitoa wenyewe. Wako wanaosema adhabu ilikuwa kali mno kwa vijana waliosema wanaloliona, na mimi nakubali kidogo. Lakini hasira ya Mwalimu ilikuwa na sababu. Alikuwa na mfano wake, kwamba msomi ni kama mtu ambaye kijiji chenye njaa kimempa chakula chote kilichobaki, ili apate nguvu za kwenda mbali na kurudi na chakula kwa wote. Akila na asirudi, ni msaliti. Mwezi Machi mwaka 1967 akaandika Elimu ya Kujitegemea. Na mwezi Novemba mwaka 1974, huko Musoma, chama kikaazimia kwamba kijana akimaliza sekondari asiende moja kwa moja chuo kikuu. Afanye kazi kwanza, aonekane, kisha wenzake na mkuu wake wa kazi wamshuhudie. Azimio hilo lilifungulia mlango watu wazima wengi ambao walikuwa wamekwisha kuukatia tamaa.

Hata darasa lenu lina nafasi katika historia hii. Mwaka 1968 UNESCO na Serikali walianza mpango wa kisomo katika mikoa ya ziwa, na makao yake yalikuwa Mwanza. Vitabu vya kwanza vya kusomea vilihusu kilimo bora cha pamba. Watu walijifunza herufi kwa kusoma juu ya mbegu na mbolea.

Kisha hali ikaharibika. Mwaka 1976 Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, na chetu cha Nyanza kikiwamo. Sheria ya mwaka 1982 ilivirudisha, lakini kitu kilichovunjwa na kuungwa hakiwi na nguvu ile ile. Vikaja vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, mafuta yakapanda bei, fedha za kigeni zikaadimika. Hazina ya Serikali haikuweza tena kuubeba mzigo wote. Ada za sekondari zikarudi katikati ya miaka ya 1980. Mwaka 1988 ikatangazwa kwamba katika vyuo nako wananchi watachangia gharama, na tangu mwaka wa masomo wa 1992 na 1993 uchangiaji ukaanza kweli. Neno "kuchangia" ni neno zuri. Lakini tazameni lilivyogeuka maana. Katika ushirika, kuchangia kulikuwa watu wengi kumsaidia mmoja. Sasa kuchangia kukawa mzazi mmoja kusimama peke yake mbele ya dirisha la mhasibu.

Tangu mwaka 1994 Serikali ikaanza kukopesha wanafunzi. Mwaka 2004 Bunge likatunga sheria ya kuunda Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, nayo ikaanza kazi Julai mwaka 2005. Mlipaji mpya akawa nani? Akawa mwanafunzi mwenyewe, ila yule wa miaka ijayo, akiwa na mshahara. Ndiyo maana ya mkopo: mtu anaomba fedha kwa nafsi yake ya kesho. Fedha wanazopewa mkononi kwa chakula na malazi vijana huziita "bumu". Wako wanaodhani bumu ni zawadi. Si zawadi. Sheria ilirekebishwa mwaka 2016, makato ya aliyeajiriwa yakawa asilimia 15 ya mshahara. Wadaiwa walilalamika sana juu ya asilimia 6 iliyokuwa ikiongezwa kila mwaka juu ya deni ili kulinda thamani ya fedha. Mtu alilipa na deni likakua. Mwaka 2021 Serikali ikaiondoa.

(Mwalimu aandike ubaoni: mshahara shilingi 600,000; makato asilimia 15. Wanafunzi watafute kiasi kinachokatwa kila mwezi. Jibu: shilingi 90,000.)

Hapa niseme neno langu mwenyewe. Mimi nilisoma stashahada katika chuo kikuu kimoja ambacho sitakitaja. Wakati ule mkopo wa Serikali haukumfikia mwanafunzi wa stashahada kama mimi. Baba aliuza ng'ombe wawili, baba mdogo akatoa fedha za dagaa, na shangazi zangu wakachanga kwa zamu. Muhula wa tatu nilipungukiwa shilingi 80,000, na karani wa malipo akaniondoa mlangoni mwa chumba cha mtihani mbele ya wenzangu. Nikarudia somo lile mwaka uliofuata, na gharama ya kurudia ilizidi zile 80,000 maradufu. Tangu siku ile nimejifunza kuuliza mapema, tena kwa maandishi: je, chuo hiki hupokea ada kwa mafungu? Mangapi? Na mwisho wake lini? Mzazi akishajua tarehe hizo anaweza kuzipanga pamoja na msimu wa mavuno au wa dagaa.

Mambo yamefunguka kiasi tangu wakati wangu. Mwaka 2016 ada iliondolewa katika shule za Serikali hata kidato cha nne, na mwaka 2022 kidato cha tano na cha sita. Tangu mwaka wa masomo wa 2023 na 2024 mikopo imeanza kutolewa pia kwa stashahada katika masomo yanayopewa kipaumbele, kama ya afya, ualimu na ufundi. Mtu mzima anayefanya kazi anaweza kusoma Chuo Kikuu Huria, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina kituo Mwanza, naye halazimiki kuacha kazi wala kupanga chumba mji wa mbali. Na msidharau vyuo vya ufundi vya VETA, kama kile cha Nyakato, ambavyo ada yake ni ndogo sana ukilinganisha na ya vyuo vikuu. Wako mafundi wa umeme Mwanza wanaowasomesha wadogo zao wa chuo kikuu. Kuanza kwa ufundi si kufunga njia ya chuo; kwa wengine ndiyo njia yenyewe.

Sasa nisikilizeni kwa makini, kwa sababu hapa ndipo mizani ya pamba inaporudi.

Mkopo huombwa kwa njia ya intaneti, na maombi yana vielelezo. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA. Aliyefiwa na mzazi anahitaji cheti cha kifo kilichohakikiwa vilevile. Mwenye ulemavu ana fomu yake, na jamaa iliyo katika mpango wa TASAF ina namba yake. Lazima awepo mdhamini mwenye kitambulisho. Haya yote huonekana madogo. Lakini mtoto akiwa ameandikwa "Kulwa" katika cheti cha kuzaliwa na "Kurwa" katika cheti cha shule, fomu inaweza kukwama. Yatima asiye na cheti cha kifo cha baba yake ataonekana mbele ya Bodi kuwa ana baba aliye hai. Na mkopo hautolewi sawa kwa wote: mwingine hupata karibu kila kitu, mwingine sehemu, mwingine hakuna, kwa kadiri maandishi yanavyoonyesha hali ya nyumbani. Umaskini usioandikwa hauhesabiwi.

Zamani mkulima asiyejua tarakimu aliibiwa penye mizani. Leo mzazi asiyeweza kusoma fomu humwachia kijana wa duka la intaneti ajaze anavyotaka, amlipe, aondoke. Wewe unayesoma maneno haya kwa macho yako mwenyewe waweza kuketi kando ya kijana huyo ukasema, "Hapo umekosea, mwanangu, jina la babake si hilo." Wakulima wa Usukuma waliwalipa watu wasimame penye mizani yao; ninyi mwaweza kusimama wenyewe.

Na jambo la pili ni la kuchanga. Sisi watu wa ziwa hatujui kuchanga? Twajua sana. Tuna vikundi vya kuzikana, tuna michango ya harusi yenye kadi na kamati na mwenyekiti. Tuna vikundi vya kuweka na kukopa ambako kina mama hununua hisa kila juma na kugawana mwisho wa mwaka. Kwa arusi ya siku moja watu watatoa fedha nyingi, na mtu asiyetoa ataonekana mbaya. Lakini mtoto akipata nafasi ya chuo, mzazi wake hunyamaza kama mtu mwenye aibu, kisha usiku humtafuta mnunuzi wa shamba. Kwa nini? Mimi sijapata jibu lililoniridhisha. Labda ninyi mnalo.

Fanyeni hesabu hii ubaoni. Ni mfano tu. Watu 30 wa kikundi wakiweka shilingi 2,000 kila juma katika mfuko wa masomo, kila juma zinapatikana 60,000. Katika majuma 50 zinakuwa 3,000,000. Fedha hizo, hata zikiwa za kukopeshana kwa riba ndogo, zinaweza kumvusha mtoto muhula wa kwanza, wakati mkopo wa Serikali bado haujaingia au umepungua. Lakini mfuko huo uwe na daftari lake, katibu wake, na watu watatu wenye kushika funguo, tena wakaguzi wake wajue kusoma. Vyama vya ushirika havikuanguka kwa amri ya mwaka 1976 peke yake. Vingine vilikuwa vimekwisha kuliwa na watu wao wa ndani.

Basi, mama wa gatini, bila shaka unasikia. Kuhusu shamba, ukiniuliza mimi, nasema usiliuze mwaka huu. Shamba ukiliuza utalipa mwaka mmoja, na masomo ni miaka mitatu. Mwaka wa pili utauza nini? Ukibanwa, likodishe msimu mmoja kwa maandishi, mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Kwanza mpeleke binti akahakiki cheti cha kuzaliwa. Andikeni barua kwa chuo kuuliza mafungu ya ada. Halafu, Jumatano, kikundi chenu cha hisa kikikutana, simama useme. Najua utasema ni aibu. Semeni nao hata hivyo, wewe na binti yako pamoja, naye awasomee barua ya chuo kwa sauti.

Maswali ya darasa ni haya. Moja: Katika ukoo wako, nani alikuwa wa kwanza kusoma chuo, na nani alimlipia? Ulizeni wazee, mkaandike majibu. Mbili: Majina ya watoto wako katika cheti cha kuzaliwa na katika karatasi za shule yanafanana herufi kwa herufi? Tatu: Kikundi chenu kilitoa shilingi ngapi mwaka uliopita kwa arusi, na ngapi kwa masomo?

Majibu ya swali la kwanza mniletee nitakapokuja. Juma lijalo, siku na saa ile ile, tutasoma habari za meli za ziwa letu na bandari ya Mwanza. Kwa herini, ndugu zangu.